Risala ya Kamati ya Njia ya Waenda kwa Miguu na Baiskeli kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi mlioko meza kuu, wazee wetu, walimu, wanafunzi, na majirani mnaopakana na njia,

Karibuni sana. Kabla hujakata utepe wa kilomita hii ya kwanza, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba tukueleze kilichofukiwa chini yake, maana maombi yetu yanaanzia huko.

Njia imefuata tuta la reli iliyoachwa. Treni haiwezi milima, kwa hiyo tuta la reli ni nadra kupanda zaidi ya sentimita 2 au 3 kwa kila mita. Mwenye kiti mwendo hupita bila kusukumwa. Wenzetu wa Uingereza waliigeuza hivyo hivyo reli ya zamani kati ya Bristol na Bath, kuanzia 1979 hadi 1986, na watu wa kujitolea walishiriki kuijenga.

Upana ni mita 3. Ikipungua, baiskeli mbili zikipishana penye mtu anayetembea, mmoja wao ataishia majanini. Kila upande umefyekwa nusu mita zaidi, na matawi yameondolewa hadi mita 2.5 kutoka chini.

Adui mkubwa wa njia hii ni maji yanayotuama. Ndiyo maana uso wake umeinamia upande mmoja, sentimita 2 kwa kila mita. Kuupima hakuhitaji mtaalamu: laza ubao ulionyooka wa mita 3 ukikatiza njia, ncha iliyo upande wa bondeni uitegemeze kwa kipande cha mbao chenye kimo cha sentimita 6, kisha weka pima maji juu yake. Povu likitulia katikati, endelea mbele. Likikimbia, reki irudi kazini. Hupimwa kila baada ya mita 5, na asitokee fundi wa kusema ataona kwa macho. Majani ya pembeni huyadanganya macho.

Msingi ni kokoto za kusagwa pamoja na vumbi lake, unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Kwa kilomita moja hizo ni mita za ujazo 450, lakini kinachoagizwa ni kama 550, kwa kuwa kokoto zikiwa kwenye lori zimelegea. Juu yake kuna sentimita 5 za vumbi la kokoto. Changarawe ya mtoni ni rahisi kupatikana, ila tuliikataa: vijiwe vyake vya mviringo havishikani, na tairi huyumba kama linapita juu ya gololi.

Msingi ulimwagwa kwa tabaka mbili. Mashine ndogo ya kushindilia haifiki chini sana. Ukimwaga zote kwa mkupuo, juu panakuwa pagumu na chini pamelegea, na mvua ya kwanza inaacha mifereji ya matairi. Unyevu nao una kipimo chake. Fumbata vumbi la kokoto mkononi: likibaki donge na kiganja kikabaki kikavu, linafaa. Likimomonyoka, nyunyiza maji. Likikulowesha, subiri jua.

Changamoto hazikosekani. Langoni ipo nguzo moja katikati, si mbili. Nguzo mbili huacha pengo katikati, na baiskeli za pande zote hulikimbilia pengo hilo hilo. Magari yamezuiwa. Pikipiki, tuseme kweli, bado zinapita, kwa sababu pengo la kuizuia pikipiki humzuia pia mwenye kiti mwendo, na huyo hatuko tayari kumfungia nje. Hapo tunahitaji usimamizi, chuma hakitoshi.

Ya pili ni nyasi. Zinatambaa kutoka pembeni, zinakamata udongo, na taratibu hujenga kingo ndogo upande wa bondeni. Maji yaliyokuwa yakitoka hubaki njiani. Kila mwaka kabla ya mvua kingo hizo zikatwe kwa koleo, na makalavati yazibuliwe. Ni kazi ya siku chache, ila ikirukwa mara moja tu, vumbi la kokoto huanza kusombwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu.

Kwanza, haki ya kupita iwekwe kwenye hati iliyosajiliwa. Leo majirani wameruhusu kwa mdomo, nasi tunawashukuru; lakini shamba likiuzwa au likirithiwa, mmiliki mpya hafungwi na neno la mwenzake. Hati itaje upana wa mita 4, yaani njia na nusu mita kila upande, pamoja na nani anatunza mifereji.

Pili, tupatiwe mashine ya kushindilia kwa kilomita zinazofuata.

Tatu, njia inapokatiza barabara ya magari, vichaka viondolewe na magari yawekewe matuta. Nguzo yetu tumeiweka mita 5 kabla ya barabara, ili mwenye baiskeli amalizane nayo kwanza ndipo aangalie magari. Dereva naye anatakiwa amwone mapema.

Tunaomba kuwasilisha.