Mwanangu, Polisi Wakibisha Hodi

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulinisimulia harakaharaka: polisi walibisha hodi hata hujapiga mswaki, wakamuulizia mtu aliyepanga hapo kabla yenu, wakaingia, wakachungulia vyumba, wakaomba radhi, wakaenda zao. Kisha ukacheka, ukasema yameisha. Kile kicheko sikukiamini. Nimevaa sare sehemu kubwa ya maisha yangu, nimesimama nje ya milango mingi kuliko unavyodhani, na nawajua watu wanaocheka hivyo sisi tukishaondoka. Basi nakuandikia mambo ambayo aliye nje ya mlango anayajua na aliye ndani mara nyingi hayajui.

Nilikuuliza waliingiaje, ukajibu, "Waliuliza kama wanaweza kuingia, nikawapisha." Hapo ndipo penye shughuli yote. Hawakuingia kwa nguvu ya sheria, waliingia kwa ruhusa yako. Askari anaposema "tunaweza kuingia tuongee kidogo?" anaomba, hata kama sauti yake ni ya amri na mabega yake yameshajaa mlangoni. Sauti ile ni ya kazi, tunaijenga makusudi. Aliye ndani akimruhusu, askari hana haja ya kwenda kwa hakimu kutafuta karatasi, na askari aliyechoka anaipenda sana njia fupi. Wala usingoje uambiwe kwamba una haki ya kukataa. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Schneckloth dhidi ya Bustamonte, iliamua kwamba polisi halazimiki kumjulisha mtu haki hiyo kabla ya kumwomba ruhusa ya kumpekua. Kinachoangaliwa ni kama alikubali kwa hiari. Kesi ilihusu gari, lakini somo lake limeingia mpaka sebuleni kwa watu.

Kwa hiyo kabla hujapisha, jua amekuja na nini: ombi, karatasi, au dharura. Muulize kwa heshima, "Afande, mna hati ya upekuzi au mnaomba kuingia?" Ni swali halali, na askari anayejua kazi yake halimuudhi. Akisema ni dharura, kwamba kuna mtu amesikika akipiga yowe ndani, au moshi unatoka dirishani, au wanamfukuza mtu aliyeruka ukuta wako, mpishe. Karibu kila nchi inawaruhusu kuingia bila hati kuokoa maisha, na hata mimi ningeingia. Likiwa ni ombi tu, toka wewe nje, rudishia mlango nyuma yako, mzungumze hapo. Mlango ukiachwa wazi, macho ya askari nayo yameshaingia, na kitu alichokiona akiwa mahali anaporuhusiwa kusimama anaweza kukitumia.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa ndani hawalifikirii. Aliye nje naye anaogopa. Nilipokuwa nikibisha hodi sikuwa najua nyuma ya mlango kuna nani: bibi kizee, mbwa, au mtu aliyeapa kwamba hakamatwi akiwa hai. Tulisimama pembeni ya mlango, si mbele yake, kwa sababu risasi hupita katikati ya ubao. Tulisikiliza miguu: anakuja, au anakimbilia uani? Taa ikizimwa ghafla baada ya hodi, moyo ulinipiga. Kwa hiyo itika kwa sauti, sema "nakuja," washa taa, fungua taratibu, mikono ionekane, simu iwe imeshikwa wazi. Usikimbilie chumbani "kuvaa" bila kusema. Mbwa mfungie. Huko si kujinyenyekeza, mwanangu. Unampunguzia hofu mtu mwenye silaha.

Tuje kwenye karatasi, maana wewe ulioneshwa moja. Ulisema ilikuwa na jina la yule mpangaji wa zamani, ukaona basi, wameruhusiwa. Hati ya kukamata na hati ya upekuzi ni vitu viwili. Ya kwanza inamhusu mtu, ya pili inahusu mahali. Marekani mwaka 1981, katika kesi ya Steagald, maofisa walikuwa na hati ya kumkamata mtu mmoja, wakaingia nayo katika nyumba ya mtu mwingine kumtafuta. Hawakumpata, wakakuta dawa za kulevya, wakamshitaki mwenye nyumba. Mahakama ya Juu ikasema hati ya kumkamata fulani haifungui nyumba ya asiye fulani. Ilihitajika hati ya upekuzi ya nyumba ile, isipokuwa pawe na dharura au ruhusa. Sheria za nchi hazifanani, na sitaki uende kumsomea askari kesi za Marekani mlangoni, atakucheka. Lakini swali linafaa popote: hii karatasi inamtaja nani, na inataja nyumba ipi?

Ukipewa hati, isome, hata wakikuambia hawana muda. Tazama anwani, tarehe, sahihi ya aliyeitoa, na vitu vinavyotafutwa. Kama wanatafuta televisheni ya wizi, hawana sababu ya kufungua mkoba wako wa barua. Tazama na saa. Ufaransa sheria yao inasema upekuzi wa nyumba hauanzi kabla ya saa 12 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, isipokuwa kwa mambo maalumu. Tanzania hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya mawio na machweo, labda mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Waliotunga sheria hizo walijua usiku unavyomfanya mtu akubali lolote.

Kuna mama mmoja nilimsoma nikiwa kazini, na sijawahi kumsahau. Dollree Mapp, wa Cleveland. Mwaka 1957 polisi walikwenda kwake wakimtafuta mtu aliyehusishwa na mlipuko wa bomu. Akampigia wakili wake, kisha akawaambia bila hati hamuingii. Wakasubiri nje, wakaongezeka, na saa kadhaa baadaye wakavunja mlango. Akadai hati, mmoja akapunga karatasi. Mama yule akainyakua akaitumbukiza kifuani. Wakapambana naye wakaichukua, wakamfunga pingu, wakapekua nyumba nzima hadi kwenye masanduku. Bomu hawakupata, mtu wa bomu si aliyeshitakiwa. Yeye alishitakiwa kwa vitabu na picha walizoziita chafu. Kesini ile karatasi haikuletwa kabisa. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu yake na kusema ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu hautumiki hata katika mahakama za majimbo. Ujasiri wake naupenda, ile ya kunyakua karatasi usiiige.

Maana hapa niko mkali kama siku zile ukiwa mdogo: usishikane nao. Hata kama hati ni mbovu, hata kama hawana kabisa, wakiamua kuingia, waache waingie. Sema kwa sauti inayosikika, mara moja au mbili, "Sikubali upekuzi huu, lakini sitawazuia." Neno hilo lina uzito baadaye. Ukisukuma mkono wa askari, kesi yenu inageuka: haitakuwa tena juu ya wao kuingia vibaya, itakuwa juu ya wewe kumzuia askari kazini. Uingereza mwaka 1762 wajumbe wa serikali ya mfalme waliingia nyumbani kwa mwandishi John Entick, wakavunja makufuli, wakapekua kwa saa nne, wakabeba makaratasi yake. Hakupigana nao. Aliwashitaki, na mwaka 1765 jaji Camden akasema hakuna sheria inayowapa madaraka hayo, hata kama waziri ndiye aliyetia sahihi. Entick akapata fidia ya pauni 300. Wanasheria wanaitaja kesi hiyo mpaka leo.

Wenzako unaoishi nao ni suala jingine, na hili nakuomba mlizungumze kwa utulivu. Yeyote kati yenu anaweza kufungua mlango na kusema "karibuni" wakati wewe uko bafuni. Marekani wameamua, mwaka 2006, kwamba mwenzako akikubali na wewe ukiwa pale pale ukikataa, kukataa kwako kunashinda. Ukiwa haupo, habari ni nyingine. Mwenye nyumba aliyekupangisha naye, huko kwao, hawezi kuwaruhusu wakupekue kwa kuwa tu nyumba ni yake. Waliliamua hilo mwaka 1961. Kwenu ulizeni sheria inasemaje, lakini kukubaliana hakuhitaji sheria: nani anaitika, nani anashika simu, na kwamba hakuna anayeruhusu chumba cha mwenzake.

Kuhusu maneno. Taja jina lako ukiulizwa, na kama sheria ya hapo inadai kitambulisho, onesha. Baada ya hapo, uwe mchache wa maneno. Watu wanadhani onyo la "una haki ya kunyamaza" litakuja kwanza. Hata huko lilikotoka, Marekani, tangu kesi ya Miranda ya mwaka 1966, ni la mtu aliyeshikiliwa na anayehojiwa. Mazungumzo ya mlangoni hayana onyo, na tulikuwa tunayaandika yote kwenye daftari. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1994, kunyamaza ulipoulizwa chini ya onyo kunaweza kuchukuliwa vibaya mahakamani katika hali fulani, ndiyo maana mambo yakiwa mazito unamtafuta wakili na si ujanja wa mtandaoni. Sentensi inayofaa popote: "Nitaongea wakili wangu akiwepo." Uongo usiseme hata kidogo, wala usifiche au kuharibu kitu. Nimeona watu wasio na kosa wakijitengenezea kosa hapo hapo, kwa dakika ya woga.

Simu yako ukiombwa "tuione tu," ni ombi lile lile la mlangoni. Jibu ni lile lile.

Wakipekua, wafuate kwa macho, chumba kwa chumba, bila maneno ya kejeli. Wakichukua kitu, dai orodha iliyotiwa sahihi. Tanzania, kwa mfano, sheria inamtaka askari atoe stakabadhi ya alichochukua. Msichana mnayeishi naye apekuliwe mwilini na askari wa kike tu. Hilo lipo katika sheria za nchi nyingi, na lisipokuwepo lidai vivyo hivyo.

Je, kama si polisi? Wezi wanajua sare inafungua milango. Uliza jina, namba na kituo ukiwa bado umefunga komeo, kisha piga simu kituoni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile unayosomewa kupitia tundu la mlango. Askari wa kweli atanung'unika, lakini atangoja.

Na lipo jambo moja ambalo katika kuogopa upekuzi watu wanalisahau. Kuna siku polisi wanabisha hodi kwa sababu kuna mtu wenu amepata ajali, au amefariki. Mimi hizo hodi ndizo zilizonichosha, si za kukamata. Unasimama pale umeshika kofia, na mtu wa ndani anakufokea kwamba huna hati, na wewe huna namna ya kumwambia haraka bila kumuumiza. Ndiyo maana nasema uliza kwanza. Ukiuliza "kuna nini, afande?" kabla ya kukataa lolote, hupotezi kitu.

Sasa lako la juzi. Najua watarudi, si kwa ubaya. Jina la yule mtu bado limeandikwa kwenye jalada pamoja na anwani yenu, na zamu ikibadilika askari wengine wataanza upya. Andika leo, kabla hujasahau: saa waliyofika, walikuwa wangapi, majina au namba kama uliziona, walisema nini, walifika vyumba vipi. Kisha muombe mwenye nyumba akuandikie barua kwamba yule mpangaji amehama na tangu lini. Nenda nayo kituoni na mwenzako mmoja, mchana, uombe iingizwe kwenye kumbukumbu, na uondoke na namba ya taarifa. Wakikwambia haina haja, kaa kwenye benchi mpaka iwe na haja. Nakala ya barua mbandike nyuma ya mlango, upande wa ndani, ili yeyote atakayeitika aipate bila kuingia chumbani kutafuta.

Ukishapata hiyo namba, nitumie.

Mama yako