Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: futa sharti la "aache kwanza"

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa heshima yenyewe sasa ni ya kukopa.

Wiki iliyopita mdogo wangu alianguka sebuleni, mwili mzima ukimtetemeka, damu ikimtoka kwenye ulimi alioung'ata. Kosa lake ni utiifu. Alikwenda kliniki ya afya ya akili kutibiwa hofu, akarudi na karatasi yenye maneno matatu: "Aache pombe kwanza." Akaacha siku hiyohiyo, peke yake, bila dawa wala mtu wa kumwangalia. Mnywaji wa kila siku akikata pombe ghafla anaweza kupata kifafa, kuweweseka, hata kufa. Hilo mimi nimeelezwa wodini, baada ya tukio. Aliyeandika karatasi ile alilijua kabla.

Huko nyuma tulianzia kituo cha waraibu. Walimpokea vizuri, mpaka alipotaja kwamba moyo humwenda mbio na pumzi humkata akiwa mbele za watu. Kalamu ikawekwa chini. "Huyu ni wa kliniki ya akili." Tukawa mpira wa danadana.

Mheshimiwa, mdogo wangu hakuanza na pombe, alianza na hofu. Shuleni akiitwa kusoma mbele ya darasa alikuwa analowa jasho. Labda ni mambo ya ukoo, labda ni msiba wa baba, mimi si daktari. Alipoonja pombe mara ya kwanza aliniambia, "Dada, leo nimeongea na watu." Nani angemnyang'anya furaha ile? Lakini pombe hutuliza ubongo kwa saa chache tu. Ikishaisha ubongo hulipiza, na wasiwasi wa asubuhi huwa mkubwa kuliko wa jana. Anakunywa tena ili atulie. Baadaye akauziwa diazepam, dawa za kutuliza wasiwasi, bila cheti cha daktari. Nazo zina arosto yake, na zikikutana na pombe zinaweza kumkata mtu pumzi usingizini.

Najua nitajibiwa kwamba daktari huhitaji kumwona mgonjwa akiwa bila pombe kwa wiki kadhaa ndipo ajue hofu ni yake au ni ya pombe. Sawa kabisa. Basi mlazeni, mmwangalie wiki hizo! Tiba ya mazungumzo ipo, dawa za wasiwasi zisizoleta uraibu zipo, na vyote vinaweza kwenda pamoja na kumsaidia aache.

Ulipokata utepe wa jengo jipya uliahidi kwamba mgonjwa wa akili na mraibu watahudumiwa chini ya paa moja. Paa lipo, tena zuri. Chini yake kuna milango miwili isiyosalimiana.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 waliishi na magonjwa ya wasiwasi. Huyu wa kwetu ni mmoja tu, hahitaji kuundiwa kamati.

Sikuombi jengo lingine. Naomba waraka wa ukurasa mmoja: mlango wowote atakaoingia, apokelewe, atibiwe yote mawili. Apokelewe tu, Mheshimiwa. Ametoka wodini jana, na rufaa aliyopewa ni ya kliniki ileile. Tunakwenda Jumatatu. Naomba jibu lako kabla ya siku hiyo.

Ni mimi,
Dada wa mgonjwa