Fisi si jamii ya mbwa

Mhariri,

Makala yenu ya wanyama wiki iliyopita ilimtaja fisi kuwa "mnyama wa jamii ya mbwa". Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na sentensi hiyo nimeisahihisha kwenye madaftari ya wanafunzi hadi nimeikariri. Kuikuta gazetini kumeniuma. Fisi na mbwa wanakutana kwenye oda tu, yaani kundi kubwa lenye familia nyingi, ile ya wala nyama. Fisi ana familia yake, na ukipanda ngazi moja juu unamkuta upande wa paka. Nguchiro ni ndugu yake wa karibu kuliko mbwa yeyote.

Neno "jamii" tumelibebesha mizigo mingi mno. "Jamii ya kunde" ni familia nzima, yenye maharage, karanga na hata mkwaju. Punda milia akiitwa "jamii ya farasi", hapo tunazungumzia jenasi moja, kundi dogo ndani ya familia. "Jamii ya ndege" nayo ni ngeli nzima, kundi kubwa kuliko oda! Msomaji atajuaje kama undugu anaoambiwa ni wa karibu au wa mbali? Na maneno ya madaraja tunayo, kuanzia kubwa hadi dogo: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi.

Ukurasa wenu wa lugha nao una kasoro hiyo hiyo. Mara Kibantu ni familia, mara Niger-Kongo ndiyo familia, kama vile ni majina mawili ya kitu kimoja. Kibantu ni tawi lililo ndani ya Niger-Kongo, familia kubwa ya lugha za Afrika. Kilichonisikitisha zaidi ni barua mliyoichapa ikidai Kiswahili ni cha jamii ya Kiarabu kwa sababu ya wingi wa maneno ya Kiarabu ndani yake. Hoja hiyo ni sawa na kumwita nyangumi samaki kwa kuwa anaishi majini. Ni kweli, sita, saba na tisa tuliyatoa kwenye Kiarabu. Lakini mbili, tatu na nne Wazulu wanazo: -bili, -thathu, -ne. Sisi tunasema mtu na watu, wao umuntu na abantu. Maneno hukopwa hata kwa majirani wasio ndugu. Mfumo kama huo wa viambishi, m- na wa- kwetu, umu- na aba- kwao, ni urithi wa ukoo.

Naomba mwandishi akitaka kuandika "jamii ya", ajiulize kwanza ni daraja gani, kisha alitaje. Aanze na masahihisho ya fisi: oda ya wala nyama, familia ya fisi.

Mwalimu wa baiolojia