Watu wa kazi wapo, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponipigia simu Jumapili sijatulia. Ulisema huu ni mwezi wa 4 tangu kampuni yenu ianze kutafuta watu wa kuandika na kupima programu, na hamuwapati. "Mama, watu hakuna." Nikakuuliza maombi mangapi yamefika, ukasema 300 na ushei. Hesabu hiyo nimelala nayo. Watu 300 wamepiga hodi, nawe waniambia mlangoni hakuna mtu?

Mnavyochuja najua. Asiye na shahada anatoka kwanza. Anafuata mwenye pengo la miaka miwili kwenye wasifu wake, labda alikuwa akimuuguza mzazi. Kisha aliyevuka miaka 40. Anayebaki ni yule yule ambaye kila kampuni ya ukanda wenu inamgombania. Akipandiwa dau kwingine anaondoka, nanyi mnaanza upya.

Mimi mngeniondoa kwenye mchujo wa kwanza. Ulikuwa darasa la pili kiwanda chetu cha nguo kilipofungwa, nikarudi nyumbani nikiwa na miaka 11 ya cherehani mikononi na cheti kisichoulizwa na mtu. Nilipoingia mafunzo ya kompyuta nilikuwa na miaka 38. Wiki ya tatu mwalimu akatupa programu mbovu; jumla yake ya mwisho ilikuwa ikikosea. Vijana wakaifuta na kuanza kuiandika upya. Mimi nikafanya kama nilivyofanya kila nguo ilipovuta upande: nikarudi nyuma mshono kwa mshono, nikifumua, hadi nikafika pale ilipoanza kupinda. Palikuwa na alama ya "kubwa kuliko" mahali palipotaka "kubwa kuliko au sawa na". Basi, alama moja tu. Mwalimu alisimama nyuma yangu kimya, halafu akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia, kwenye meza ya kukagua kola.

Usidhani nilikuwa wa ajabu. Wanawake 6 waliopanga programu za ENIAC, kompyuta iliyotangazwa Marekani mwaka 1946, kabla ya hapo walikuwa wakilifanyia jeshi hesabu za mizinga kwa mkono. Shahada ya programu haikuwepo. Walijifunza mashine kwa kusoma michoro yake. Na kule Pikeville, mji wa milimani jimboni Kentucky, Marekani, kampuni ya Bit Source ilipotangaza nafasi kama 10 za kuwafundisha programu watu walioachishwa kazi za makaa ya mawe, waliomba zaidi ya 900. Mtu angeulizwa kabla ya tangazo lile, angesema milimani kule hakuna watu wa kompyuta.

Lakini mafunzo matupu nayo yanaumiza, mwanangu, na hapa nina uchungu. Kumfundisha mtu kisha kumwacha na cheti kingine cha kuweka sandukuni ni kumpotezea mwaka. San Antonio, Texas, kiwanda cha kampuni ya nguo ya Levi Strauss kilifungwa mwaka 1990, watu kama 1,000 wakabaki bila kazi. Jumuiya za makanisa ya pale hazikukimbilia kufungua madarasa. Zilikwenda kwanza kwa waajiri kuwauliza watahitaji watu wa kazi gani, na programu yao ya mafunzo ya kazi, Project QUEST, iliyoanza 1992, ikapanga mafunzo kwa kufuata majibu hayo, huku ikimsaidia mwanafunzi mambo kama nauli na malezi ya watoto. Hayo ya nauli na watoto wengine huyaona madogo. Mwenzangu wa meza moja kwenye mafunzo yale ya kompyuta, aliyeelewa upesi kuliko mimi, aliacha wiki ya tisa kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto. Mpaka leo nikimkumbuka naumia.

Sasa sikia ombi langu. Yatoe yale maombi mliyoyaweka kando. Wape wote programu moja yenye kasoro na saa mbili za kuitafuta, majina na shule zikiwa zimefichwa. Walioipata, hata wakiwa 5 tu, wachukueni kwa uanagenzi wa miezi 6 na muwalipe mshahara, maana mwenye watoto hawezi kujifunza kwa posho ya nauli. Kila mmoja akae na fundi mzoefu, mezani pamoja, msimamizi asiwe wa kupita Ijumaa kuulizia. Mkubwa wako akisema ni gharama, mwonyeshe kazi zilizolala miezi hii yote na wateja mliowarudisha.

Na yule mama uliyemtaja kwa kucheka, aliyeandika kwamba amefanya kazi ya kupokea simu miaka 15, mwite. Mtu aliyewasikiliza wateja wenye hasira miaka 15 anajua programu zenu zinakwama wapi kuliko nyote mlioziandika.

Jumapili nipigie uniambie mmewaita wangapi.

Mama yako