Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako uje kuketi nasi. Muhula huu klabu yetu ilizuru bustani ndogo ya wanyama iliyomo ndani ya msitu wa mvua, nasi tungependa uyasikie tuliyoyaona.

Mheshimiwa, mwanzoni tuliona majani tu. Miti ya msitu huo imefumana huko juu, mwanga unaofika chini ni haba mno, na vizimba vimejengwa kuizunguka miti bila kuikata. Baadhi yetu tulinung'unika kwamba tumeletwa kutazama vizimba vitupu. Mtunzaji akatuomba tukae kimya. Baada ya muda, tulichodhani ni kivuli juu ya tawi kikapepesa macho. Alikuwa chui! Amepata pa kujificha, na tulifurahi kwa ajili yake.

Aliyetugusa zaidi ni kasuku wa kijivu. Alinaswa kwa ulimbo huko porini, akakatwa manyoya ya mbawa ili auzwe. Mkataba wa CITES, ule wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliamua mwaka 2016, huko Johannesburg, kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaokamatwa porini, lakini wategaji hawajakoma. Manyoya yaliyokatwa huota mapya ndege anapojipukutisha. Ndiyo maana watunzaji wanamsubiri, na wengine wetu tulishindwa kuondoka pale.

Juu ya kizimba chake hondohondo walio huru walikuwa wakila matunda. Tulielezwa kwamba mbegu wanazomeza huziangusha mbali na mti mama, na kwamba jike hujifungia kwenye tundu la mti, dume akimlisha kupitia ufa mwembamba. Tundu la namna hiyo hupatikana kwenye mti mkubwa uliozeeka. Mche wetu wa leo hauwezi kumpa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba utusaidie kupata mbegu za miti ya asili, maana kitalu tumeshakilima, pamoja na darubini, kwani tunayo moja tu na tunapokezana. Tunaomba pia, ukipata nafasi, tufuatane kwenda kumtazama yule kasuku. Huenda tukamkuta anaruka.

Tunaomba kuwasilisha.