Tusihesabu majeruhi tu

Wandugu, habari za jioni. Ubao wa getini hapa kwenye ujenzi wetu unasoma siku 60 bila ajali, nashukuru sana. Ila namba hiyo inatuambia yaliyopita tu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, takwimu zake za majeruhi zilipendeza. Machi 2005 kikalipuka, watu 15 wakafa.

Kuanzia Jumatatu tuhesabu pia yanayotangulia ajali: majukwaa yaliyokaguliwa kabla watu hawajapanda, kasoro zilizorekebishwa siku hiyo hiyo, na yale ya "ilibaki kidogo", yaani ajali zilizokaribia kutokea. Jana kipande cha nondo kilidondoka kutoka ghorofa ya tatu, kikatua hatua mbili tu toka kwa kijana wa zege. Hakuna aliyeripoti, nimesikia kwa mama lishe! Mafundi, pigeni picha, tumeni hapa hapa. Hakuna atakayekatwa posho kwa kuripoti, nimeshaongea na msimamizi.