Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: mwaka wa mwisho wa chama chetu cha ujenzi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana wa ufundi,

Mwangaluka. Nimewasomea taarifa kama hii mara nyingi, lakini ya leo imenichukua usiku tatu kuiandika. Kamati inaleta kwenu pendekezo la kukifunga chama. Nawaomba mnisikilize kwanza, kisha tupige kura.

Wenzetu wa Uingereza, waliotuchangia tangu mwanzo, wamezeeka. Mnawakumbuka waliokuja kupanda nasi mlima wa Igogo, hapa Mwanza, na ndoo za mchanga kichwani, maana huko juu kwenye mawe toroli haifiki. Baadhi yao wametangulia mbele ya haki. Waliobaki hawana tena nguvu ya kuzunguka kuomba michango, na upande wao nao wanafunga. Hawakututupa. Walituarifu mwaka mzima kabla, na wakakamilisha fedha za nyumba mbili zilizokuwa zimeishia kwenye lenta, moja Igogo na nyingine Ukerewe. Zote zimeezekwa na wenyewe wamehamia. Hatuachi msingi wazi hata mmoja, wala hatudaiwi na duka lolote la vifaa.

Wapo waliouliza kwa nini tusitafute mfadhili mwingine. Kamati ililijadili hilo vikao viwili. Msimamo wangu ni kwamba michango yetu ya ndani haitoshi hata kulipia ukaguzi wa hesabu na taarifa tunazotakiwa kupeleka kwa msajili kila mwaka. Tukibaki na muhuri na akaunti tupu, kuna mjane atakayepanda daladala kutoka Kisesa kuja kugonga mlango wetu, nasi hatutakuwa na la kumpa. Sitaki tumfanyie mtu hivyo.

Sasa niseme kuhusu karatasi, kwa sababu ndizo zilizotupa kazi kubwa mwaka huu kuliko saruji.

Miaka ya mwanzo tulikuwa tukikabidhi funguo, tunapiga picha, tunaondoka. Kisha mama mmoja alifiwa na mumewe, na arobaini ilipopita ndugu wa mume wakamtoa, yeye na watoto, katika nyumba tuliyoinyanyua kwa mikono yetu. Kiwanja kilijulikana kwa jina la marehemu peke yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Haki alikuwa nayo. Sisi ndio hatukuhakikisha jina lake limeandikwa. Tulipopata habari tulikuwa tumechelewa, na jambo hilo bado linaniuma.

Tangu siku hiyo hatukufyatua tofali kabla ya kuona majina ya mke na mume kwenye maandishi: mjini, hati ya kiwanja kilichorasimishwa, kijijini, hatimiliki ya kimila. Mwaka huu tumerudi kwenye nyumba za zamani, mlango kwa mlango, kusaidia waliobaki kukamilisha zao. Pale Ukerewe bibi mmoja alipokea hati yake, akaiangalia mbele na nyuma, akaifunga kwenye nailoni, kisha kwenye khanga, akaitia chini kabisa ya sanduku na kukalia kifuniko. Alikaa hapo mpaka tulipoaga.

Jambo jingine ambalo nawaomba mafundi waendelee nalo ni umbali wa nyumba kutoka Ziwa Victoria. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60, na wavuvi wengi walitununia kwa kulisimamia hilo, maana mtu anataka auone mtumbwi wake akiwa mlangoni. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa kuliko kumbukumbu zote, maji yaliingia kwenye vibanda vya dagaa na vyumba vya majirani. Nyumba zetu hayakuzifikia.

Kuhusu mali: kwa katiba yetu hakuna mwanachama anayegawiwa kitu. Kamati inapendekeza mashine zote mbili za kufyatulia tofali za kufungamana ziende kwa kikundi cha vijana tuliowafundisha, ambao tayari wanawajengea wazee wa mtaa wao kwa gharama ya vifaa tu. Wanaujua udongo. Wanauchekecha, wanachanganya na saruji, kisha wanaubana kiganjani: ukishikana, na ukiuangusha ukavunjika vipande vichache, uko tayari. Tofali hizo hazichomwi, zinafunikwa magunia na kumwagiliwa, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri. Mpini wa mashine kubwa umelainika kwa viganja vyenu, na ningependa uendelee kushikwa.

Vijana hao watakuta njia nyepesi kuliko yetu. Sisi tulilala Kigongo na lori la saruji tukisubiri kivuko, tukiomba mvua isinyeshe. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 mpaka Busisi, ng'ambo ya pili, na kazi za Sengerema zinaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Mweka hazina atasoma hesabu za kufungia, kisha tutapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kabatini bado kuna hati chache ambazo wenyewe hawajazifuata. Ofisi itakuwa wazi kila Jumamosi asubuhi hadi ya mwisho ichukuliwe, nami nitakuwepo. Mkiwafahamu wahusika, waambieni waje na kitambulisho.